Safu ya Nne

Siku Mwalimu alipofundisha jedwali la magonjwa ya zinaa kwa mara ya kumi na moja, alifundisha kipindi kizima akiwa amesimama, kwa sababu hakuweza kukaa. Wanafunzi walidhani ameamka na hasira. Kila alipogeuka kuandika ubaoni aligeuka mwili mzima, polepole, kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa kichwani, na waliomwomba ruhusa ya kutoka nje aliwaruhusu bila kuwauliza mara mbili, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Jedwali lilikuwa na safu nne: Ugonjwa, Dalili, Tiba, Chanzo. Alilirithi kwa mwalimu wake wa sayansi, ambaye naye sijui alilirithi kwa nani, na tangu hapo halikuwa limebadilika hata nukta. Mtihani uliuliza jedwali, wanafunzi wakajibu jedwali, shule ikapata alama zake, kila mtu akaridhika. Kwenye safu ya nne Mwalimu aliandika neno moja tu pale juu, "Uasherati", kisha akashusha mshale mrefu mpaka chini, ukapita magonjwa yote, ili asipoteze chaki. Kwenye mstari wa malengelenge ya sehemu za siri, chini ya Tiba, aliandika "Hakuna".

Msichana wa dawati la nyuma, ambaye darasa zima lilimwita Maswali, alinyoosha mkono.

"Mwalimu, na mtu aliyetulia na mume wake, yeye akiupata?"

Darasa likacheka. Mwalimu alibana ukingo wa meza kwa mkono wa kushoto.

"Swali hilo halitoki kwenye mtihani," alisema. "Nakilini."

Wakanakili. Mwanamke huyu angeweza kukuchorea moyo wa chura huku amefumba macho, na mishipa yake yote akaitaja. Lakini kuhusu mwili wake mwenyewe alichokijua ni kile kilichokuwa ubaoni, na ubao ulikuwa ukimwambia kitu kimoja tu. Yeye hakutoka nje ya ndoa yake hata kwa mawazo. Basi ni nani aliyetoka?

Baada ya kazi alipita maduka mawili ya dawa aliyoyazoea, akaingia la tatu, ambako hakuna mzazi wa mwanafunzi angemkuta. Muuza dawa alikuwa na sauti ya mtu wa mnadani. Nyuma ya Mwalimu walikuwa wamesimama watu wanne, na mmoja wao alikuwa na kikohozi ambacho kilikoma ghafla Mwalimu alipoanza kueleza shida yake.

"Ni kwa ajili ya jirani yangu," alisema.

"Jirani anaumwa nini?"

"Ametoka vilengelenge. Huku... chini."

"Vinawasha au vinauma?"

"Vinauma. Akienda haja ndogo anauma meno. Na ana homa, na mitoki kwenye mapaja."

"Huyo jirani ana mume?"

"Anaye."

"Basi mwambie mumewe anatembea," alisema muuza dawa, kwa sauti ileile ambayo angeitumia kutangaza sabuni. "Hivi vidonge ameze asubuhi na jioni, siku saba. Na mumewe ameze. Asipomeza na mumewe anajisumbua bure. Umesikia, dada? Mwambie jirani."

Mtu wa kikohozi akakohoa tena. Mwalimu alipokea bahasha ya vidonge vya rangi mbili, akaitumbukiza kwenye mkoba chini ya madaftari ya kusahihisha. Hakuna aliyemwambia kwamba vidonge vile vilikuwa vya ugonjwa mwingine kabisa.

Nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili na ukumbi mdogo wenye saa tano ukutani, zote zikisema wakati mmoja, maana baba wa nyumba hiyo alikuwa fundi saa na asingevumilia aibu ya saa kupotea nyumbani kwake. Fundi alikuwa mtu mpole, mwenye utani wa pole pole. Kila alipopigwa sana na jua au kupata mafua, mdomo wake ulitoka vilengelenge kwenye pembe, ukavimba, kisha ukakauka. Ilikuwa hivyo tangu utotoni. Binti yao wa miaka saba, Kidosho, aliuita "mdomo wa Baba wa mafua", na nyumba nzima ilikuwa imeuzoea kama mtu anavyozoea mlango unaolia. Jioni hiyo ulikuwa ndiyo kwanza umekauka, na kwenye pembe kulibaki alama nyekundu.

Mwalimu alimtuma Kidosho akacheze kwa jirani. Kisha akaweka vidonge mezani.

"Baba Kidosho, una mwanamke."

Fundi alicheka. Hilo ndilo kosa lake la kwanza, na baadaye alilifikiria mara nyingi.

"Ninaye. Huyu hapa ananiangalia vibaya."

"Sitanii. Umeniletea ugonjwa. Meza hivi."

Alimweleza, akiwa amesimama, kwa lugha ya darasani, bila kumtazama. Fundi alisikiliza mpaka mwisho. Uso wake ulibadilika mara mbili: kwanza akamwonea huruma, kisha akaelewa kwamba anashtakiwa.

"Mama Kidosho, mimi sijatembea na mtu. Naapa."

"Ugonjwa huu hauletwi na upepo."

"Labda choo cha shule. Wale watoto..."

"Mimi ni mwalimu wa sayansi. Usinifundishe habari za choo."

"Basi kama si choo, na si mimi..." Alinyamaza hapo hapo, lakini sentensi ilikuwa imekwisha kutoka, na wote wawili walijua inaelekea wapi.

"Malizia," alisema Mwalimu.

"Sina cha kumalizia."

"Malizia, Baba Kidosho. Sema ni mimi."

Fundi alichukua vidonge viwili akavimeza bila maji. Alifikiri ndiyo njia ya kutuliza mambo. Mkewe alimtazama koo likipanda na kushuka, akaona ameshajibu.

Kikao kilifanyika Jumapili mchana, pale pale ukumbini, chini ya zile saa tano za ukutani. Aliyekiongoza alikuwa Mjomba wa Mwalimu, aliyekuwa karani wa mahakama kwa miaka thelathini na bado hakuamini kwamba amestaafu. Alikuja na faili. Katika kazi yake Mjomba alikuwa amejifunza jambo moja: kesi ambayo mtu amekiri inaisha kabla ya chai, na kesi ambayo mtu amekataa inakaa miaka. Upande wa Fundi alikuja dada yake peke yake, Wifi, mwanamke mwenye mdomo uleule wa kaka yake na maneno mengi ya kuutumia.

"Kaka yangu?" alisema Wifi. "Huyu? Huyu hata mteja akimsalimia kwa sauti anashtuka. Huyo mwanamke alimpata saa ngapi?"

"Wifi, usinichekeshe leo," alisema Mwalimu.

"Sikuchekeshi. Mimi nauliza tu. Ugonjwa una milango miwili."

"Wifi!"

"Haya, nimenyamaza. Nimenyamaza kabisa."

Mjomba aligonga faili. Akamuuliza Fundi, akakana. Akamuuliza tena kwa maneno mengine, akakana. Mara tisa, na Fundi mara zote tisa akasema sijatembea na mtu, kila mara kwa sauti ya chini zaidi, mpaka ya tisa ikasikika kama ya mtu mwenye hatia. Ndipo Mjomba alipomshika bega akampeleka nyuma ya nyumba, penye kamba ya nguo.

"Mkwe, mimi ni mwanaume kama wewe. Kiri yaishe."

"Nikiri nini, Mjomba, nisichokifanya?"

"Sikukuuliza umefanya nini. Nakuuliza, unataka kulala kwako leo au hutaki?"

"Nataka."

"Basi mtu akikiri, anaomba msamaha, anasamehewa, tunakunywa chai. Ukikana, mimi naondoka na faili langu, na yule mle ndani atakaa na hasira mpaka mtoto wenu aolewe. Nimeona kesi, mkwe. Nimeziona."

Fundi alitazama nguo kwenye kamba. Kulikuwa na sare ya Kidosho, na shuka lao la maua, na mashati yake mawili. Alichotaka ni kulala kwake, basi. Akarudi ndani, akasimama mbele ya mkewe, akasema ni kweli.

"Nani?" aliuliza Mwalimu.

"Mteja mmoja."

"Jina?" aliuliza Mjomba, kalamu mkononi.

"Sikumuuliza."

"Alileta saa gani?"

Fundi hakuwa na ustadi wa kutunga. Akachukua saa ya kwanza iliyomjia. "Ya kike. Mkanda wa dhahabu. Kioo kilikuwa kimepasuka." Saa hiyo ilikuwapo kweli, na mwenyewe alikuwapo pia: bibi kizee wa miaka sabini na kitu, ambaye aliondoka akimwombea Fundi maisha marefu.

Mpaka dakika hiyo nusu ya moyo wa Mwalimu ilikuwa bado upande wa mumewe. Alipowaza angesema nini kikao kikimkuta hana hatia, alishangaa kuona anatamani iwe hivyo. Lakini ule mkanda wa dhahabu ulimwingia kichwani ukakaa. Mtu hatungi kioo kilichopasuka, alijiambia. Akauona mkono mwembamba umewekwa kwenye meza ya mumewe, na kucha zake.

"Amekiri," alisema Mjomba, akifunga faili. "Sasa mwanangu, msamehe, tuendelee na chai."

"Nyie msameheni," alisema Mwalimu. "Mimi siwezi kulala na mtu huyu."

Mjomba aligeuka kumtazama Fundi, kisha akaitazama birika. Hakuwa amejiandaa kwa jibu hilo. Fundi alifungasha mfuko mmoja, akaenda kulala dukani kwake, na kila mtu akasema ni kwa siku mbili tatu.

Ikawa miezi minne.

Vidonda vilikauka baada ya majuma mawili, kama ambavyo vingekauka bila kidonge chochote, na Mwalimu akaamini amepona. Hata hivyo hakujiamini. Alitenga beseni lake, taulo lake, sabuni yake, kikombe chake. Shuka zake alizichemsha. Alijiosha kwa dawa ya kusafishia sakafu aliyoichanganya na maji, mpaka ngozi ikachubuka, na maumivu hayo aliyachukua kama sehemu ya adhabu, ingawa hakujua anaadhibiwa kwa lipi. Kidosho alipotaka kupanda mapajani mwake kusomewa, alimwambia akae pembeni, yeye ni mkubwa sasa. Mtoto alikaa pembeni. Baada ya mwezi hakujaribu tena.

Hakumwambia mtu. Katika ofisi ya walimu walikuwapo kumi na mmoja, na mazungumzo yao hayakuisha, kuanzia mishahara mpaka harusi ya mkuu wa shule, lakini hapakuwa na mahali pa kuingiza jambo kama hili. Siku moja mwalimu wa hesabu alisoma gazetini habari ya mtu fulani mwenye ugonjwa wa zinaa, akasema, "Huyo kayataka mwenyewe," na wote wakacheka, na Mwalimu akacheka. Alirudi nyumbani na kicheko hicho bado kinamuuma mashavuni. Saa za ukutani, zikiwa hazina wa kuzirekebisha, zilikuwa zimeanza kupishana, na mbili zilikuwa zimesimama.

Jumapili Fundi alikuja kumchukua Kidosho. Alisimama mlangoni, akauliza, "Hamjambo humu?" Mwalimu akajibu, "Hatujambo," huku anaangalia mikono ya mumewe isiwe na saa ya mwanamke.

Kisha asubuhi moja ya Jumanne, akiwa anasimamia mtihani wa majaribio, alihisi mwasho mdogo wa kuchomachoma kwenye paja la ndani, kama miguu inavyofanya ganzi ikiachia. Alhamisi vilengelenge vilikuwa vimerudi, pale pale pa zamani. Mwalimu alikaa juu ya kitanda chake, akafanya hesabu. Miezi minne alikuwa amelala peke yake. Hakuguswa na mtu, hakumgusa mtu, hata mtoto wake alikuwa hampakati. Akapitia jedwali lake kichwani kutoka kushoto kwenda kulia, na alipofika safu ya nne akakuta hakuna kitu cha kuandika.

Zahanati ilikuwa mwendo wa saa nzima, na aliichagua kwa sababu hiyo. Karani wa dirishani alimuuliza kwa sauti kubwa amekuja kwa shida gani, Mwalimu akasema kichwa, na karani akaandika kichwa. Hivyo alipoingia ndani, Tabibu, mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alianza kumulika macho yake.

"Si kichwa," alisema Mwalimu.

"Najua si kichwa. Watu hawatembei saa nzima kwa ajili ya kichwa. Panda kitandani."

Alimpima, akanawa mikono, akakaa.

"Ni malengelenge. Kirusi. Mara ya kwanza lini?"

Mwalimu akasema. Akasema vidonge alivyopewa, na Tabibu akasonya. Akasema dawa ya sakafu, na Tabibu akavua miwani kabisa.

"Mwanangu, wewe unafanya kazi gani?"

"Nafundisha sayansi."

Tabibu alikaza uzi wa miwani yake, akaivaa tena. Pengine alikuwa na la kusema lakini alimwonea huruma.

"Sikiliza. Kirusi hiki kikiingia hakitoki. Kinajificha kwenye mishipa ya fahamu, kinalala. Ukichoka, ukiwa na homa, ukiwa mwezini, ukiwa na huzuni, kinaamka. Unaona ule mwasho wa mwanzo? Siku hiyo hiyo anza vidonge, hivi nitakavyokupa, usingoje vitoke. Osha kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, kausha, vaa nguo ya pamba isiyobana. Vikiwapo, wewe na mumeo msikutane. Visipokuwapo tumieni mipira, inasaidia ingawa si kinga kamili. Ukishika mimba, mwambie mkunga mapema. Mengine yote ishi kama kawaida. Beseni rudisha mahali pake. Mtoto mpakate."

"Nimpakate?"

"Mpakate hata sasa hivi. Hakiruki."

Mwalimu alitazama sakafu. "Nimelala peke yangu miezi minne. Mume wangu nimemtoa nyumbani. Kwa sababu aliniletea."

"Nani alikuambia ni yeye?"

"Alikiri."

"Alikiri nini?" Tabibu aliegemea kiti. "Nikikupima naweza kukuambia kipo. Hakuna kipimo duniani kitakachoniambia kimetoka wapi wala mwaka gani. Mtu anaweza kukaa nacho miaka kumi hajaona kipele. Huenda mmoja wenu alikuja nacho kabla hamjajuana. Mumeo huwa anatoka vilengelenge mdomoni? Vile watu wanavyosema vya homa?"

Mwalimu aliinua uso.

"Basi hivyo ni ndugu wa hivi, wakati mwingine ni kirusi kilekile. Na mdomo hauishii shavuni. Nyie ni mume na mke, sitaki maelezo."

Alirudi nyumbani akampakata Kidosho bila kumwambia kwa nini. Mtoto alikaa mapajani mwake amekakamaa, hajui aweke wapi mikono. "Mama," alisema, "mimi si ni mzito sasa?" Mwalimu akamwambia si mzito hata kidogo, akalia, na mtoto akashuka taratibu akaenda kumletea maji.

Kesho yake alimpigia Mjomba simu, akamweleza yote, na mambo ya mdomo, na mambo ya mishipa. Alitaka kikao kiitwe tena, jina la mumewe lisafishwe mbele ya walewale.

"Mwanangu, lile faili nimelifunga," alisema Mjomba. "Mtu alikiri kwa kinywa chake, mbele ya mashahidi, bila kupigwa."

"Ulimlazimisha, Mjomba."

"Nilimshauri. Sasa sikiliza nikuambie kama mzazi. Tukikaa tukasema yeye hakuleta, watu watauliza, basi ameleta nani? Wataangalia upande gani? Umeshalifikiria hilo?"

Mwalimu alihamishia simu sikio la pili.

"Ndiyo hivyo. Yalivyokaa yanakulinda wewe. Yaache."

Simu ilikatika, au Mjomba aliikata. Nakiri kwamba Mwalimu alilifikiria shauri hilo siku mbili nzima, na si kwa ubaya wa moyo. Alikuwa mwalimu, alikuwa na jina, alikuwa na binti. Siku ya tatu aliomba ruhusa mapema akaenda dukani kwa mumewe.

Duka lilikuwa chumba chembamba mno, watu wawili wasingepishana. Fundi alikuwa ameinama mezani, lenzi jichoni, kibano mkononi, na nyuma yake lilikuwapo godoro limekunjwa na kufungwa kwa kamba. Mswaki wake ulikuwa umesimama kwenye kopo la bisibisi. Alipoinua uso, Mwalimu aliona mdomo wake: vilengelenge vipya, vimesongamana kwenye pembe ileile.

"Kidosho mzima?" aliuliza haraka.

"Mzima. Nimekuja kwa jambo langu."

Alimwambia akiwa amesimama, kama alivyomwambia mara ya kwanza, ila safari hii alimtazama. Alimwambia kirusi, na kulala kwake, na miaka kumi, na mdomo. Fundi alivua lenzi. Alijigusa pembe ya mdomo kwa kidole, kisha akakitazama kidole.

"Kwa hiyo ni huu."

"Huenda. Huenda hata mimi nilikuja nao. Tabibu anasema hakuna anayeweza kujua."

Fundi alianza kucheka, kile kicheko chake cha pole pole ambacho Mwalimu hakuwa amekisikia tangu siku ile ya vidonge. "Miezi minne," alisema, "nalala na saa za watu kwa sababu ya mafua!" Alicheka mpaka kidonda kikamuuma, akaushika mdomo, na Mwalimu naye akacheka, na kwa dakika moja hivi chumba kile kiliwatosha.

"Nisamehe, Baba Kidosho. Rudi nyumbani."

Fundi alisukuma kiti nyuma. Aliinama akatoa mfuko wake chini ya meza, akaanza kutia vitu: mswaki, soksi, redio ndogo, shati la buluu. Mwalimu alimtazama akikunja shati lile, na moyo ukawa mwepesi kiasi kwamba aliona anaweza kusema lolote.

"Na yule wa mkanda wa dhahabu?"

"Yupi?"

"Uliyemtaja kwenye kikao. Hakuwapo kabisa, sivyo?"

Alimwamini Tabibu, neno kwa neno. Lakini kwa miezi minne alikuwa ameishi na mwanamke yule nyumbani. Alijua kucha zake, alijua manukato yake. Alitaka mumewe amfukuze kwa mdomo wake mwenyewe, mara moja tu, ili aondoke.

Fundi alikuwa ameshika shati. "Ni bibi wa miaka sabini na kitu," alisema. "Nilimbadilishia kioo. Akaniombea dua."

"Nilitaka tu kukusikia ukisema."

"Nilisema. Nilisema mara tisa, mbele ya Mjomba wako na kalamu yake."

Alilikunjua shati, akalitundika kwenye msumari wake. Akautoa mswaki, akaurudisha kwenye kopo.

"Baba Kidosho, usifanye hivyo."

"Sijakasirika, mama. Kweli sijakasirika." Sauti yake ilikuwa ya upole, na hilo ndilo lililomwumiza Mwalimu zaidi. "Ila hapa ukiniuliza, najua pa kulala. Nyumbani ukiniuliza tena, nitakwenda wapi?"

"Sitakuuliza."

"Umeuliza sasa hivi."

Mteja alibisha kwenye kaunta, mzee mwenye saa ya mezani ndani ya mfuko wa karatasi. Mwalimu ilibidi atoke kwanza ndipo mzee aweze kuingia. Akiwa nje, alimsikia mumewe akisema, "Karibu, baba. Imeanza kusimama lini?"

Jumapili alikuja kumchukua Kidosho kama kawaida. Akasimama mlangoni, akauliza kama hawajambo. Safari hii aliingia hatua tatu, akazitazama saa za ukutani, akazitegesha moja moja, akatoka na mtoto.

Majuma mawili kabla ya mitihani, Mwalimu alirudia jedwali na darasa lake. Asubuhi hiyo alikuwa ameuhisi ule mwasho, na safari hii alimeza kidonge chake na chai kabla ya kutoka nyumbani. Alichora safu tatu. Palepale minong'ono ikaanza, maana wanafunzi wa mtihani hawapendi kuibiwa.

"Mwalimu, umesahau safu ya nne."

"Sikusahau."

Akawaeleza. Aliwaambia kuhusu kirusi kinacholala na kuamka, kuhusu mdomo na mafua, kuhusu mtu anayeweza kuupata akiwa ametulia kwake, kuhusu maji ya chumvi na vidonge vinavyoanzwa mapema. Chini ya Tiba, mahali pa "Hakuna" ya zamani, aliandika "Hauponi, unatulizwa". Hakuna aliyecheka. Msichana mmoja wa mbele aliandika kila neno akiwa ameinamisha kichwa sana, na Mwalimu akajizuia kumtazama.

"Mtihani ukiuliza chanzo?" aliuliza mmoja.

"Andikeni kirusi."

Maswali alinyoosha mkono kule nyuma. "Kwa hiyo mtu akiupata, asimlaumu mwenzake?"

"Asikimbilie kumlaumu."

"Na kama alishamfukuza?"

Sasa darasa likacheka, kama lilivyozoea kumcheka Maswali.

"Swali hilo," alianza Mwalimu, na akaona wote wameshainamia madaftari, kalamu tayari, wanangoja kunakili chochote atakachosema. Akaweka chaki chini. Akavuta kiti, akakaa mbele yao taratibu, na kengele ilipolia alikuwa bado hajawajibu.